Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri Yetu: Hamisheni Mlango wa Namba Tisa

KWA: Mganga Mkuu wa Halmashauri

NAKALA: Makamu Mwenyekiti wa Halmashauri, kwa nafasi yake kama Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti UKIMWI, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, Mheshimiwa Diwani, na wakazi wote wa hapa mjini wanaojua Namba Tisa ni wapi

YAH: WATU KUKWEPA KUPIMA VVU KATIKA KITUO CHETU CHA AFYA

Ndugu Mganga Mkuu,

Kamwene. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe cha stendi, katika mji huu mdogo ulioko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Jina langu na namba yangu ya simu unavyo tayari katika barua yangu ya Agosti 2025, ile iliyogongwa muhuri wa masjala, kwa hiyo sitavirudia hapa. Jina la kituo nalo silitaji, maana sina nia ya kumvua mtu nguo sokoni. Wewe unakijua, sisi tunakijua, inatosha.

Sikuanzia hadharani. Mwaka 2023 niliandika karatasi nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni, lile la mbao lililopigiliwa ukutani karibu na dirisha la dawa. Kufuli lake limeshika kutu, na karatasi yangu niliisikia ikitua juu ya karatasi nyingine. Mwaka uliofuata nikamfuata mganga mfawidhi ana kwa ana. Alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Tunalifanyia kazi." Baada ya hapo ndiyo ikaja barua ya masjala. Nimeifuatilia mara nne. Mara ya nne binti wa masjala aliponiona tu mlangoni alisema, "Kaka, bado."

Utajiuliza bodaboda ana nini na vipimo vya damu. Ni hivi. Kila mwezi nabeba watu wa mji huu kwenda kupima, au kuchukua dozi, katika miji mingine. Wengine nawafikisha Makambako. Wengine nawapeleka njia panda wapande kosta ya Mbeya, wajipoteze kwenye umati wa mjini. Tunapita mbele ya geti la kituo chetu, hatua chache kutoka wanapoishi, mteja anavuta kofia ya sweta mpaka machoni, tunaendelea. Kwenda na kurudi ananilipa shilingi 15,000, na kipimo anachokifuata huko ni bure, kama kilivyo bure hapa. Kwa hesabu za mfukoni mwangu, mlango wenu mbaya wa Namba Tisa, chumba cha kupimia VVU, ni biashara yangu nzuri. Naandika barua ya kujipunguzia wateja, na hilo nalo naomba ulipime.

Takwimu unazijua kuliko mimi, lakini hii ni barua ya wazi na wengine nao wanasoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Utafiti huohuo ukasema kwamba katika watu wazima wanaoishi na VVU nchini, wanaojua hali zao ni asilimia 82.7. Wanaojua, asilimia 97.9 wako kwenye dawa. Walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa.

Niliziandika namba hizi nyuma ya risiti ya mafuta, nikazitazama kama ninavyoitazama pikipiki inayokosa nguvu. Plagi safi, kabureta safi, injini haina neno. Mafuta hayafiki. Mtu akishajua, anameza dawa. Akimeza, dawa inafanya kazi. Tunakokwama ni pale mwanzo kabisa, pa kujua, na huko dawa haina msaada wowote.

Na wanaokwama si wajinga. Watu wa huku tumezika mno kiasi kwamba hakuna wa kutufundisha UKIMWI ni nini. Niliokaa nao kijiweni karibu wote wangependa kujua hali zao. Wasichokitaka ni kuonekana wakitaka kujua. Malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

1. Mlango wenyewe

Chumba cha kupimia kiko mwisho wa jengo, na kina mlango wake peke yake unaotazama geti. Mlango wa bluu, juu yake namba 9 kwa rangi nyeupe. Hakuna huduma nyingine humo. Mbele yake kuna benchi chini ya mparachichi, na ng'ambo ya uzio wamekaa kina mama wa nyanya na mahindi ya kuchoma, wateja wao, na sisi bodaboda tunaosubiri abiria wa wodini. Ukikaa kwenye benchi lile umepanda jukwaani. Mama mmoja wa nyanya, ambaye nampenda sana na ananikopesha, anaweza kukutajia nani alikaa pale wiki iliyopita, alikaa muda gani, na alitoka akitembea vipi.

"Kaenda Namba Tisa" sasa ni msemo wa mji mzima. Zamani tulisema fulani kakanyaga miwaya. Siku hizi mtu akikonda kwa malaria ataulizwa kwa utani kama amepita Namba Tisa, na watoto wa shule ya msingi nimewasikia wakitukanana nao uwanjani. Chumba cha serikali kimegeuka tusi la watoto, Daktari.

Waliojenga hawakuwa na nia mbaya. Miaka ile ya vituo vya Angaza, vya kupima VVU kwa hiari, watu walizoea kwamba kupima kuna nyumba yake, mbali na wagonjwa wengine, na ilionekana ndiyo heshima. Labda mjini ilikuwa heshima, mahali ambapo hakuna anayemjua mwenzake. Kwetu huku, ukimtenga mtu umemwonyesha. Faragha ya mji mdogo ni kujichanganya: upite mlango uleule anaopita mwenye jino, mwenye mafua na aliyekuja kupima presha, pasiwe na wa kubahatisha umefuata nini.

Ndani nako, badala ya mlango kati ya chumba cha ushauri na pale wanapongojea majibu, kuna pazia la kitenge. Nilikaa upande wa huku nikamsikia mtu upande wa kule akiulizwa amekuwa na wapenzi wangapi kwa miezi kumi na miwili. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Mmoja." Tulikuwa watu wanne kwenye kiti kile kirefu na kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Sidhani kama kuna mtu duniani angejibu vinginevyo mbele ya kitenge kile.

2. Kopo linalolia

Hili halimo katika barua ya masjala, nimelijua baadaye, na nalileta kwa sababu linamgusa hata ambaye hajapima. Mtu anapofikiria kupima hafikirii kidole tu. Anafikiria na maisha ya baada ya kidole.

Nina mteja mmoja ambaye akirudi na dozi huninyooshea mkono kwanza nipunguze mwendo kwenye matuta. Nilidhani anaogopa kuanguka. Siku moja nikapita tuta vibaya, nikasikia kwenye pochi yake: cha-cha-cha, vidonge vinagonga kopo la plastiki. Alishuka kabla hatujafika kwake, akaingia nyuma ya kibanda cha mkaa. Aliporudi kopo lilikuwa kimya. Safari iliyofuata aliniambia mwenyewe bila mimi kumuuliza: huwa anajaza pamba, siku ile pamba ilikuwa imemwishia. Wengine huhamishia vidonge kwenye mifuko ya nailoni hukohuko walikopewa, makopo wanayatupa chooni au porini. Ndiyo maana pembeni ya ile njia ya mkato ya kwenda mtoni kuna makopo meupe yamefukiwa nusu. Lebo zote zimebanduliwa.

Mama yule ana nidhamu ya dawa inayonishinda mimi hata kwenye kubadilisha oili. Na kwa elimu ya siku hizi, anayemeza dawa vizuri mpaka virusi vyake visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Jambo zito namna hiyo ningetegemea liandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Pale Namba Tisa kuna bango lililopauka la kampeni ya mwaka 2018, Furaha Yangu, "Pima, Jitambue, Ishi", na chini yake tangazo la kupotea kwa mbuzi.

3. Mume wa kukodi

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ni kisa changu na kina aibu yangu.

Julai 2019, baridi ya kukata masikio, dada mmoja mjamzito alikuja kijiweni akaniita pembeni. "Kaka, una kazi sasa hivi?" Nikadhani ni safari, nikashika helmeti. Akasema, "Nataka uwe baba mtoto kwa saa moja. Nitakupa elfu kumi."

Alikuwa amerudishwa kliniki mara mbili. Kila akifika anaulizwa mume yuko wapi, na kama hana, alete barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha kwamba hana. Mwanaume aliyempa mimba alikuwa amekwenda kupasua mbao msituni, simu haipatikani. Na mwenyekiti wa mtaa wake ni mjomba wa mwanaume huyo. Sasa hiyo barua angeiomba kwa lugha gani?

Niligeuza koti langu la kijiwe ndani nje ili namba isionekane, nikaenda. Muuguzi alitupokea kwa furaha kabisa: "Hongera sana baba, wanaume kama wewe ni wachache." Tuliingizwa mbele ya foleni, maana wanaokuja na waume huhudumiwa kwanza, na wale wajawazito waliokaa tangu alfajiri wakatutazama. Nilichomwa kidole. Zile dakika kama ishirini za kungojea, nikahesabu vigae vya sakafu, nikaona nimekosea, nikaanza upya. Nilikuwa na miaka 28, nina mke, nina mtoto, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupima. Kabla ya hapo nilipima kwa kadi ya mke, kama wanaume wengi wanavyofanya: 2016 mke wangu alipimwa akiwa mjamzito kwao Njombe, nikaiona kadi yake ya kliniki, nikajihesabia na mimi nimepimwa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba watu wanaweza kulala kitanda kimoja miaka mingi, mmoja anavyo na mwingine hana.

Tukaitwa. Muuguzi akatusomea majibu yote mawili, tumekaa bega kwa bega, kwa sababu alichokiona mbele yake ni mume na mke waliokuja kupima pamoja. Hivyo mimi, mtu wa kukodiwa, nikayajua majibu ya mwanamke ambaye mpaka leo silijui jina lake la pili. Yake ni yake na nitazikwa nayo. Yangu ni yangu. Tulipotoka nje hakuna aliyesema neno. Alinipa elfu kumi, nikamrudishia elfu tano, sijui kwa nini tano na kwa nini si zote.

Ushauri niliopewa ulikuwa dakika tatu. Hakuna aliyeniambia kwamba maambukizi mapya yanaweza yasionekane mara moja na nirudi baada ya miezi mitatu. Niliambiwa nimtunze mke wangu, ale mboga za majani.

Sasa, kuwakaribisha waume kliniki ni jambo zuri, na mtoto kuzaliwa bila maambukizi nani hataki? Lakini karibu ikigeuka sharti, na sharti likawa na adhabu ya kurudishwa nyumbani na mimba yako, watu wanakodi. Mimi si wa kwanza, na kijiweni kwetu si mimi peke yangu. Kwenye vitabu vyenu tumeandikwa waume waliopimwa. Zile hongera zenu mnazowapa wanaume wa kliniki, sehemu yake mnatupongeza bodaboda.

Hata wachumba wanaotakiwa na kanisa walete cheti cha kupima kabla ya ndoa, wengi wanakwenda wakimwogopa mchungaji zaidi ya virusi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, Namba 28 ya 2008, ilikataza kumlazimisha mtu kupima. Neno hiari limeandikwa hata kwenye kibao chenu.

4. Midomo

Nitalisema kwa kifupi kwa sababu limeumiza watu walio hai. Majibu ya mtu mmoja wa mji huu yalisikika msibani kabla hajayasema kwake nyumbani. Aliyeyatoa anafahamika na bado yuko kazini. Sheria ileile ya 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, na kuyatoa ni kosa. Sijawahi kusikia kituo chetu kikimwita mtu kuhojiwa, wala sisemi afukuzwe. Nasema wananchi waliona kwamba hakuna kilichotokea, na kila mmoja akajifunza lake.

Watumishi wengi wa pale ni majirani zetu, tunasali nao, tunanunuliana vitenge vya misiba. Ni kawaida ya mji mdogo na siwalaumu kwa kuzaliwa hapa. Lakini mtu anapokaa kwenye kiti kile akamkuta shemeji yake ndiye mwenye sindano, ataomba panadol na kuondoka.

5. Saa za kazi, vitendanishi, na kabati la kioo

Namba Tisa inafunguliwa saa tatu asubuhi, saa nane mchana imefungwa. Mchuma chai kwa saa hizo yuko shambani na kapu mgongoni, analipwa kwa kilo. Wa mashine za mbao yuko msituni. Dereva wa lori analala hapa usiku na alfajiri yuko Igawa. Akibaki kupima, siku yake ya kibarua imekwenda. Kina mama wana kliniki inayowaleta kituoni wakitaka wasitake. Mwanaume mzima asiyeumwa hana kinachomleta.

Na akija? "Vitendanishi vimeisha, rudi wiki ijayo." Nimewasikia wanne wakisimulia hivyo, kwa nyakati tofauti. Daktari, ujasiri wa mwanaume kupima hauwekwi kwenye friji. Mmoja wao alikuwa amejikusanya tangu Pasaka, akaja mwezi wa tisa. Wiki ijayo hiyo haijafika mpaka leo.

Wakati huohuo vipimo vya kujipima mwenyewe vipo. Marekebisho ya sheria ya 2019 yaliviruhusu. Unapitisha utepe kwenye ufizi, unachovya kwenye kichupa, unasubiri dakika 20 chumbani kwako umefunga mlango, na ikitokea mistari miwili unakwenda kituoni kuthibitisha kwa damu kabla ya kuamini lolote. Nimeviona kwa macho yangu kwenye kabati la kioo la Namba Tisa, maboksi yamepangwa vizuri, kabati lina kufuli. Nilipouliza nikaambiwa wanasubiri maelekezo. Halafu ili nikaviombe, si lazima nikae kwenye benchi la mparachichi?

6. Vijana

Marekebisho hayohayo ya 2019 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Binti wa miaka 16 alirudishwa akamlete mama yake. Hakumleta. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Najua mtakayojibu, kwa sababu baadhi nimeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema bajeti. Sijaomba jengo. Jengo lipo, na chumba cha tatu kwenye korido ya wagonjwa wa nje kimejaa vitanda vibovu na baiskeli ya mtu aliyehamishwa kikazi siku nyingi.

Mtasema watumishi ni wachache. Kweli, na muuguzi wa Namba Tisa nimemwona akila mchana wake amesimama. Lakini aliye mmoja anaweza kukaa kwenye korido kama anavyokaa mwisho wa jengo, na akiingia saa tisa alasiri siku mbili kwa wiki badala ya saa tatu asubuhi, saa zake ni zilezile.

Mtasema wafadhili. Mlishasema: misaada ya Marekani iliyositishwa Januari 2025 iliwaondoa washauri na waelimishaji rika, na kweli wawili kati yao nawaona mnadani wanauza mitumba. Imeuma, nakubali. Ila karatasi yangu ya kwanza iliingia sandukuni mwaka 2023, fedha zikiwa zinakuja, na mlango ulikuwa uleule unatazama geti lilelile.

Na mtasema, hili ndilo linaloniudhi, kwamba tatizo ni wananchi wenyewe na unyanyapaa wao, watu waache aibu. Nilikuwa kidato cha pili Julai 14, 2007, siku Rais Kikwete na mkewe walipopima hadharani kuanzisha kampeni ya kitaifa. Mwalimu wetu alituletea redio darasani. Lilikuwa jambo kubwa na nililipenda, na watu wengi walifuata. Lakini Rais alipima mbele ya kamera akarudi Ikulu, hakurudi kupanga foleni ya maji na mama wa nyanya. Aibu ya watu wa hapa ina sababu: wanaijua hasara ya kuonekana. Kuna ndoa zilizovunjika, kuna wapangaji waliohamishwa, kuna mama lishe ambaye chapati zake zilikosa wanunuzi kwa siku mbili. Msisubiri mji mzima ubadilike tabia ndipo mhamishe mlango. Anzeni na mlango.

Kwa hiyo, ninachoomba ni hiki, Ndugu Mganga Mkuu. Kipimo kihamie korido ya wagonjwa wa nje, chumba chenye mlango wa mbao na si kitenge, kisicho na kibao, na watu waitwe kwa namba zinazotumika kwa huduma zote. Namba Tisa mkiifanya stoo nitaleta rangi mimi. Siku mbili kwa wiki kipimo kiwepo mpaka saa mbili usiku, na mara moja kwa mwezi timu iende kambi za mbao na mashamba ya chai siku ya malipo, ikipima na presha na sukari, ili anayepanga foleni asijulikane kapanga ya nini. Vipimo vya kujipima vitoke kabatini. Kijiwe chetu kina mwenyekiti na katibu, tuko tayari kufundishwa na kuvigawa bila kuandika jina la mtu. Sharti la mume au barua ya mwenyekiti wa mtaa lifutwe kwa tangazo la maandishi, libandikwe kliniki, mama aliye peke yake ahudumiwe kwa zamu yake. Na kila mtu aulizwe peke yake, kabla ya yote, kama anataka majibu yake yasikike na mwenzake. Dozi zitolewe na mfuko wa kaki au kitu chochote kisicholia. Wachache watakaotaka kupimwa na mtu asiyewajua, muwe na siku ambayo muuguzi wa kituo kingine anabadilishana na wetu. Kuhusu yule aliyetoa majibu yaliyosikika msibani, kamati ya kituo imwite, imsikilize na yeye, kisha itangaze kwamba imemwita. Jina lake hatulihitaji.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Lisipofika, nitalileta jambo hili kwenye mkutano wa hadhara wa kata, ambako nina haki ya kusema kama mkazi yeyote, nikiwa na muhuri wenu wa Agosti mkononi.

Simu imeita wakati namalizia hapa. Kesho saa kumi na moja alfajiri nina mteja wa Makambako. Kaniambia nimchukulie nyuma ya shule, nisipige honi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa bodaboda,
Kijiwe cha stendi